Samli Kwenye Breki za Baba Mdogo

Malaba,
Alhamisi, alasiri

Dada yangu Wakesho,

Kabla sijakuamkia, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na hata kwenye sala nimekuwa nikilipita pembeni. Ni mimi niliyeharibu breki za skuta ya Baba mdogo. Si mwenye duka aliyemuuzia, wala si mkono wa mtu mbaya kama majirani wanavyosema. Ni mimi, kwa mikono yangu, na nilipoulizwa kama kila kitu ni safi nikajibu ndiyo.

Nimeandika na sikufuta. Sasa naweza kukusalimu.

Shikamoo dada. Habari ya Wundanyi, habari ya Mama? Goti lake limepata nafuu au bado analikanda kwa chumvi ya moto? Mvua je, imefika huko juu? Barua yako niliipata, na soksi nilizipata, asante sana. Mimi mwili ni mzima. Homa sina. Lakini tangu Jumatatu chakula hakipiti.

Nakuomba barua hii usiisome kwa sauti. Najua Mama atavuta kigoda aje karibu na wewe, aseme, "Soma polepole, usinirukie maneno." Mwambie nasalimu na masomo yanaendelea. Halafu uisome peke yako, na ukishajua mwisho wake wewe mwenyewe utachagua la kumwambia.

Mambo yalianza Jumamosi. Unajua Baba mdogo Mwakio hapeleki skuta yake kwa fundi. Anasema fundi wa hapa mpakani akifungua nati tatu anarudisha mbili. Kwa hiyo kila kitu anafanyia uani, mimi nampa spana na kumsomea kile kitabu cha skuta ambacho kimeandikwa Kiingereza, nikimgeuzia kwa Kiswahili. Ni kazi ninayoipenda. Pale sihitaji kuongea na watu, nasoma tu, na yeye anaitikia "ehe, ehe" akiwa amelala chini.

Breki ya mbele waya wake ulikatika zamani na wa kununua haupatikani, kwa hiyo alikuwa anategemea ya nyuma peke yake. Na hiyo ya nyuma ilikuwa imeanza kulia kama mbuzi. Akanunua lainingi mpya kwa Omuse, yule Mteso mwenye duka la spea karibu na stesheni. Nilikuwepo akizinunua. Lainingi ni vile vipande viwili vilivyopinda kama kwato, vinakaa ndani ya gurudumu, ukikanyaga pedali vinatanuka na kulibana. Omuse alizitoa kwenye boksi mbele yetu zikiwa na karatasi yake. Akasema, "Boss, na hizi hata ukutane na ndovu utasimama."

Tukaegemeza skuta kwenye kreti la soda, gurudumu likatoka, lainingi za zamani zikatoka, Baba mdogo akapangusa vumbi lote. Mimi nikasoma pale palipoandikwa kwamba pini ipakwe grisi kidogo sana, na kwamba grisi wala mafuta ya namna yoyote yasiguse lainingi. Nikamgeuzia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua kwa lugha mbili.

Lainingi mpya alikuwa amezilaza juu ya gazeti, karibu na goti langu. Ndipo aliposikia sauti langoni, akainua kichwa, akaona ni mama mkwe wake.

Wewe hujaishi na watu wa huku, kwa hiyo nikueleze. Kwa kina Mama mdogo, mke wake, mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Huyo mama mkwe huwa haji nyumbani kwa binti yake ovyo, na akija hatumi taarifa kwa mkwe. Na Baba mdogo, kwa kuwa ni Mtaita na wanamtazama kama mgeni, anaishika hiyo desturi kuliko wao wenyewe. Sasa fikiria amelala chini na singilendi yenye tundu na kaptura, miguu nje, grisi mpaka kwenye masikio. Aliruka, dada! Sijawahi kumwona akikimbia hivyo. Aliingia bafuni kule nyuma, ile ya mabati, akiwa na spana mkononi.

Kukhu, ndivyo tunavyomwita huyo bibi, akajifanya hakuona mtu. Alikuwa ametoka Namboboto kwa basi kuja kumwona mtoto, maana Mama mdogo amejifungua majuzi tu. Mama mdogo alikuwa ndani ananyonyesha. Mimi nikapiga magoti kumpokea bibi kama nilivyofundishwa hapa, kwa mikono miwili.

Kutoka bafuni sauti ikaja, "Mghoi! Springi ndogo iko wapi?"

Kukhu akageuza uso upande wa barabara. "Kuna mtu anaongea huko nyuma?"

Mama mdogo akajibu kutoka ndani, "Hapana mama, ni kuku tu."

"Kuku wenu wanajua springi," Kukhu akasema. "Mji huu una maendeleo."

Nilitaka kucheka, na wakati huohuo nilikuwa nikipokea kibuyu chake. Kilikuwa kibuyu kidogo cha samli ya kumtilia mzazi kwenye uji, kimezibwa kwa kigunzi. Jua la kwenye basi lilikuwa limeiyeyusha samli yote ikawa kama maji. Vidole vyangu vilikuwa na grisi ya ile pini. Kibuyu kikateleza. Nilikidaka, hakikuvunjika, lakini kigunzi kilitoka, na samli ikamwagika juu ya gazeti, kwenye lainingi moja yote na ya pili kwenye ncha.

Kukhu bado alikuwa ametazama barabarani kwa ile heshima. Mama mdogo alikuwa ndani. Hakuna aliyeona.

Pale pale, dada, ilitosha niseme "Samahani." Neno lenyewe ni moja tu. Lakini unanijua. Hata darasani mwalimu akiuliza na jibu ninalo, nangoja mwingine aseme. Niliona aibu ya kumwaga zawadi ya bibi aliyesafiri tangu alfajiri akiwa ameipakata. Nikarudisha kigunzi, nikaingiza kibuyu ndani, na nikarudi na majivu ya jikoni kwenye kopo.

Nilisugua zile lainingi kwa majivu kama tunavyosugua sufuria. Nikafuta kwa upindo wa gauni langu la kijani, nikasugua tena, nikafuta tena. Majivu yalinywa samli yote. Zikawa kavu, zikapauka, ukiziangalia ungesema zimetoka kwenye boksi sasa hivi. Nikajiambia zimepona.

Baba mdogo akaendelea kunielekeza kutoka bafuni. "Weka ya kushoto kwanza! Vuta springi kwa bisibisi, usivute kwa kidole!" Kukhu akawa anampa mtoto majina na kujifanya kiziwi. Nikaziweka. Nikarudisha gurudumu, nikakaza ile nati kubwa kwa kuisimamia spana kwa miguu miwili.

"Lainingi ziko safi?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Kukhu aliondoka jioni kwenda kulala kwa binamu yake, maana kwenye nyumba ya mkwe wake hawezi kulala. Baba mdogo akatoka bafuni ameumwa na mbu kila mahali. Akaisukuma skuta, akakanyaga pedali, gurudumu likashika kabisa. Akasukuma tena kwa nguvu, likashika. Dada, alifurahi! Aliita jirani. "Njoo uone! Huyu binti wa kaka yangu amefunga breki peke yake, mimi nikiwa kifungoni!" Akanishika bega akasema nitakuwa injinia, na kwamba baba yetu angekuwa hai angeona. Mimi nikaangalia chini. Wote walidhani ni ile haya yangu ya kila siku.

Baada ya hapo ningeanzia wapi?

Jumapili mvua ilinyesha, akaenda kanisani kwa miguu. Jumatatu asubuhi akapanda skuta kwenda kazini. Ofisi yao ya kusafirisha mizigo iko kule chini karibu na kizuizi, na barabara ya kwenda huko ni mteremko moja kwa moja mpaka darajani. Mto wenyewe ndio mpaka. Ukivuka daraja uko Uganda, na wale askari wa ng'ambo hawataniwi siku hizi. Kwa sababu ya magendo ya kahawa, hata mbuzi akivuka anaangaliwa mara mbili. Watu wanaokuja upande wetu kutafuta sabuni na chumvi huongea kwa kunong'ona hata wakiwa sokoni, katikati ya kelele.

Nilikuwa nafunga viatu niende shule aliposimama langoni turniboi mmoja wa lori, anahema. Alimwambia Mama mdogo, "Mama, mzee amevuka!"

"Amevuka wapi?"

"Ng'ambo! Na skuta! Alianza vizuri huku juu, nikaona anakanyaga breki mara moja, mara mbili. Kule chini ikakataa kabisa. Kizuizi chetu kilikuwa juu, lori linapita, naye akapita chini ya kizuizi. Miguu ameitoa nje hivi, viatu vinaburuta, anapiga kelele 'Breki! Breki!' Akavuka daraja lote. Wale askari wakainua bunduki."

Mama mdogo alikaa chini kwenye tope, mtoto mkononi. "Wamempiga risasi?"

"Hapana mama. Alianguka mtaroni kabla hawajapiga. Wamemwinua. Damu ni ya hapa tu kwenye paji. Lakini wamemchukua, na mkoba wake pia."

Hapo nilielewa kila kitu, Wakesho, nikiwa nimesimama na kiatu kimoja. Tulisoma msuguano kidato cha pili. Breki ikikanyagwa inapata moto. Ikiwa baridi, majivu yalishika. Ilipopata moto kwenye mteremko samli iliyeyuka ikatoka tena, kama ilivyoyeyuka kwenye basi.

Tangu siku hiyo yuko kule kwenye kibanda chao ng'ambo ya daraja. Mkoba ulikuwa na orodha za malori ya ofisi, namba za magari na majina ya madereva, karatasi za kazi tu, lakini wao wanaziona vingine. Wanasema mtu hawezi kuruka kizuizi na kuvuka daraja lote akiwa na karatasi za namna hiyo kwa bahati mbaya.

Na sasa usikie la kunitoa roho. Jana Sajini wa polisi wa upande wetu alikuja. Ni mtu mzima, mpole, alivua kofia kabla ya kuingia. Alimwambia Mama mdogo, "Mama, wenzetu wa ng'ambo nimeongea nao. Mume wako anawaambia breki zilikataa. Wakamuuliza, breki zako ni za lini? Akasema ni mpya, nimefunga Jumamosi nyumbani. Wakacheka. Wanasema breki mpya hazikatai, huyu ni mwongo."

Unaona? Ukweli wake ndio unaomfunga. Yeye mwenyewe hajui kwa nini zilikataa. Anayejua ni mmoja tu.

Sajini akaendelea, "Skuta wanayo, hawajaigusa. Wamekubali tukutane darajani kesho kutwa asubuhi. Kama kuna mtu anayeweza kueleza hizo breki zilikuwa na nini, na neno lake lionekane kwa macho, wataifungua mbele yetu. Kama hakuna, watampeleka ndani zaidi, na huko mimi sina mtu wa kumuuliza. Nitapita hapa Alhamisi jioni kusikia kama mmepata lolote."

Alisema kesho kutwa. Ndiyo kesho, dada. Na Alhamisi jioni ndiyo leo.

Mama mdogo alimrukia Omuse. Alisema amewauzia lainingi za kuokota zilizopakwa rangi. Maneno yakatembea, na asubuhi hii mlango wa duka la Omuse umekutwa umepondwa kwa mawe. Mchana akaja mwenyewe hapa, mtu mkubwa yule, kofia mkononi.

"Mama, mimi nimeuza spea hapa kabla hujaolewa. Zilikuwa mpya. Nilifungua boksi mbele ya mzee."

"Toka kwangu!" Mama mdogo alimwambia. "Umenifanya mjane na mtoto hajaota jino!"

Omuse akanigeukia. "Huyu msichana alikuwepo. Dada mdogo, sema wewe. Zilikuwa mpya, hazikuwa mpya?"

Nikasema, "Sijui."

Sauti yenyewe ilitoka ndogo hata yeye akaniuliza, "Umesemaje?" Nikarudia. "Sijui." Akaniangalia kidogo tu, hakukasirika. Akavaa kofia akaenda. Hilo nalo liandike hesabuni mwangu, pamoja na lile la Jumamosi.

Utauliza naogopa nini, wakati mtu ni Baba mdogo aliyenichukua tulipofiwa akanisomesha. Naogopa Mama mdogo asinitazame tena. Naogopa kurudishwa Wundanyi kwa gari la moshi na sanduku langu, Mama akinipokea bila kuuliza. Lakini kuna hofu nyingine kubwa kuliko hizo. Tayari jirani wa hapa upande wa kulia anasema, "Huyo bibi alifuata nini siku ile ile, bila kuitwa?" Nikisema samli ya Kukhu ndiyo ilikuwa kwenye breki, nani atangoja nimalize? Watasema mama mkwe alileta dawa ya kumuua mkwe wake Mtaita. Watamtaja Namboboto nzima. Mama mdogo atakuwa amewapoteza mume na mama yake kwa kibuyu kimoja. Na bibi wa watu alikuja na chakula cha mzazi tu. Uji wa samli hiyo Mama mdogo amekunywa kila asubuhi, na kila asubuhi namkorogea mimi.

Kwa hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kusema ili lisiguse mtu mwingine isipokuwa mimi. Nimelipanga hivi: bibi alinipa zawadi yake ikiwa imezibwa vizuri, mimi ndiye niliyeiangusha, mimi ndiye niliyeificha kwa majivu, mimi ndiye niliyesema ni safi. Gauni la kijani lipo chini ya godoro langu, sijalifua. Upindo una samli, una majivu, una weusi wa zile lainingi. Sajini alitaka neno linaloonekana kwa macho, na gauni linaonekana. Na wale askari, waambiwe wafungue tu lile gurudumu la nyuma wanuse. Samli ikishaungua hakuna asiyeijua harufu yake, awe wa huku au wa ng'ambo. Mtu anayeruka mpaka kwa ujasusi hapaki samli kwenye breki zake.

Hilo kwenye karatasi limetoka, unaona? Kwenye karatasi naweza. Ni mdomo.

Jana usiku nilijaribu kumwambia Mama mdogo tukiwa jikoni. Nilisema, "Mama mdogo." Akasema, "Nini, mwanangu?" Nikamwuliza kama niongeze kuni.

Nisalimie Mama, mwambie nampenda na goti alilinde na baridi. Msalimie mjomba mwenye ng'ombe wa maziwa, na shangazi mkubwa wa kule sokoni, na mwalimu wangu wa zamani aliyenifundisha kusoma kwa sauti, mwambie bado ni kazi. Msalimie mume wako shemeji, na watoto wako uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mniombee nyote, bila kuwaeleza ni kwa nini.

Mimi mdogo wako mwenye hofu lakini akupendaye,
Mghoi

Nilitaka kukunja karatasi hapo, lakini nasikia langoni sauti ya mwanamume ikibisha hodi, na Mama mdogo akimwambia, "Karibu Sajini. Hatujapata kitu." Sasa ndara za Mama mdogo zinakuja huku, anakuja kuchukua kiti cha mgeni humu chumbani mwangu. Leo ameingia mara tatu, na mara zote tatu nimeiingiza barua hii chini ya daftari la hesabu. Nimelitoa daftari, nimeliweka sakafuni. Gauni la kijani nimelivuta kutoka chini ya godoro, liko hapa mezani kando ya karatasi, na kurasa zote ziko wazi kuanzia ule wa kwanza wenye jina lako. Anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi. Mkono wangu nimeuondoa juu ya maandishi, naandika hapa chini kabisa pembeni ili nisimzibe.

Amefika mlangoni. Anauliza kama niko. Nimesema, "Niko, Mama. Ingia usome."